Dodoma: lami inaongezeka, njia hazikutani

Itazame Dodoma kwa picha ya satelaiti, uone jambo ambalo ukiwa ndani ya gari hulioni. Barabara kuu nne zinatoka katikati ya mji kama miguu ya buibui: ya Morogoro na Dar es Salaam kwa upande wa mashariki, ya Singida kaskazini magharibi, ya Kondoa hadi Arusha kaskazini, na ya Iringa kusini. Kila mguu umebeba vitongoji vyake, vipya kwa vya zamani. Lakini baina ya mguu na mguu, na mara nyingi baina ya mtaa na mtaa ulio jirani yake kabisa, njia ni za kuhesabu. Mtu anayetaka kwenda mtaa anaouona kwa macho anarudi kwanza barabara kuu, anaifuata, kisha anaingia tena ndani.

Kisa ninachokichambua ni hicho tu. Habari za Dodoma huandikwa kwa kilomita za lami na idadi ya viwanja vilivyopimwa, na ni kweli kazi kubwa imefanyika kwenye hayo yote mawili. Swali ambalo halina safu yake kwenye ripoti ni hili: barabara hizo zinakutana mara ngapi? Kwa maoni yangu ndilo litakaloamua kama mji huu utaishika miaka ishirini ijayo au utaikimbiza.

Tuanze na mji wenyewe. Dodoma ni mtoto wa reli. Wajerumani waliuanzisha mwaka 1907 wakati wa ujenzi wa reli ya kati, na kwa miongo mingi ukabaki mji mdogo wa stesheni katika nchi ya Wagogo. Mwaka 1973 chama tawala, TANU, kiliamua makao makuu ya nchi yahamie huko, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile ambayo kila mkazi aliijua kwa jina la CDA. Mpango mkuu wa kwanza ulitoka mwaka 1976, ukiwa umeandaliwa na kampuni ya washauri kutoka Toronto, Kanada.

Mpango ule unastahili kukumbukwa kwa jambo moja. Haukuchora mji wa fahari wenye barabara pana za gwaride. Ulichora jamii ndogondogo za makazi zilizopangwa kufuata njia ya mabasi, ili mkazi atoke nyumbani kwa miguu au kwa baiskeli, afike shule, duka na kituo cha basi bila kuhitaji gari. Chembe yake ya kwanza ilikuwa nyumba kumi, mfumo ambao Watanzania wa wakati ule waliujua vizuri. Uzuri mwingine wowote wa mpango ule ulitegemea sharti hilo moja: njia fupi kutoka mlangoni hadi kwenye basi. Fedha za kuujenga mji hazikuja kwa kasi iliyotarajiwa, wizara zikabaki Dar es Salaam, na mji ukakua polepole kwa miaka zaidi ya thelathini. Kuna sehemu zilizopangwa na CDA, kama Area C, Area D na Kikuyu, na kuna sehemu kama Chang'ombe ambako watu walijijengea wenyewe kadiri walivyoweza.

Kisha kasi ikabadilika ghafla. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote inahamia Dodoma, na mwaka huo Waziri Mkuu akatangulia. Mei 2017 CDA ilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa halmashauri. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Mwaka 2019 Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba, takriban kilomita 17 mashariki ya katikati ya mji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Piga hesabu mwenyewe: ni ongezeko la watu 97 kila siku iendayo kwa Mungu, kwa miaka kumi mfululizo, sawa na asilimia 6.4 hivi kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 3.2. Kwa mwendo huo mji unajizidisha mara mbili kila baada ya miaka kumi na moja.

Hakuna mpangaji anayeweza kulaumiwa kwa kutweta mbele ya hesabu kama hiyo. Halmashauri ilipima viwanja maelfu kwa maelfu, na ilikuwa sahihi kupima, kwa sababu usipopima watu hawakungoji. Tatizo liko kwenye kile kilichopimwa na kile kilichoachwa.

Kiwanja kina mnunuzi. Kikishawekwa bikoni za mpaka na kupewa namba, kinauzwa, kinaingiza mapato, na mapato hayo yanalipia upimaji wa eneo linalofuata. Kichochoro cha mita tatu kinachounganisha mtaa mmoja na mwingine hakina mnunuzi. Kwenye mchoro ni ardhi iliyopotea. Kwa hiyo anayechora, hasa akiwa amebanwa na muda na ameahidi wenye mashamba kurudishiwa idadi fulani ya viwanja, atakata vichochoro kwanza. Sidhani kama kuna nia mbaya hapo. Ukimpa mtu karatasi na ukamlipa kwa idadi ya viwanja, atakuchorea viwanja.

Halafu kuna suala la mipaka ya mchoro. Eneo la upande huu linachorwa mwaka huu, na la upande ule linachorwa baada ya miaka mitatu na timu nyingine. Kila mchoro ukiutazama peke yake umenyooka: una barabara ya kuingilia, barabara za ndani, eneo la shule, eneo wazi. Weka michoro miwili ubavu kwa ubavu ndipo utaona kwamba barabara za huku zinaishia kwenye kuta za nyumba za kule. Hazikupishana kwa mita nyingi. Pengine ni ishirini, pengine ni hamsini. Lakini barabara iliyopishana na mwenzake kwa mita ishirini haitokei, kama vile ingepishana naye kwa kilomita mbili. Katikati ya michoro hiyo hubaki pia vipande visivyo na mwenyewe rasmi, na vipande hivyo huwahiwa na wajenzi wa usiku.

Matokeo yake ni mtaa wenye umbo la mti. Shina ni barabara kuu, tawi ni barabara ya kuingilia mtaani, vijiti ni njia za ndani, na kila kijiti kina ncha. Mji wa zamani, kule katikati karibu na soko la Majengo, una umbo la wavu: ukikuta njia imezibwa na msiba au lori limeharibika, unapinda, unatokea mtaa wa pili. Tofauti ya maumbo hayo mawili inapimika. Hesabu vipande vya barabara kutoka makutano hadi makutano au ncha, gawanya kwa makutano pamoja na ncha. Kwenye mti utapata karibu 1. Kwenye wavu kamili utaikaribia 2. Miji kadhaa ya Marekani iliyochoshwa na mitaa isiyotokea imeweka kanuni kwamba mchoro mpya usipofikisha kama 1.4 haupitishwi. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta. Afisa mipango miji anaweza kuifanya kwa kalamu juu ya mchoro ndani ya dakika chache.

Kipimo kingine ni makutano kwa kilomita ya mraba. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, inapendekeza mia moja hivi, pamoja na kilomita 18 za barabara na njia katika kila kilomita ya mraba, na takriban asilimia 30 ya ardhi iachwe kwa barabara. Asilimia hiyo 30 huwatisha watu, na ndiyo maana naomba tuifungue. Chora wavu wenye vitalu vya mita mia kwa mia: utapata kilomita 20 za njia kwa kila kilomita ya mraba. Zote zikiwa na upana wa mita 15, zinachukua takriban asilimia 30. Lakini si lazima zote ziwe za magari. Nusu yake zikiwa njia za miguu na baiskeli za mita 6, jumla inashuka hadi asilimia 21, na makutano yanabaki mia moja yaleyale. Anayetembea hajapoteza chochote. Mpimaji kaokoa hekta tisa za viwanja. Naitaja hesabu hii kwa sababu hoja ya kwanza utakayoisikia ni kwamba mtaa uliounganika unakula ardhi. Kinachokula ardhi ni upana wa barabara. Idadi ya njia ina mchango mdogo njia zikiwa nyembamba.

Sasa tuingie kwenye makorongo, maana bila makorongo huwezi kuielewa Dodoma.

Mji upo kwenye nyanda kame. Mvua ni milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine korongo ni mchanga mtupu. Watoto wanacheza mpira humo, wanawake wanapita na ndoo kichwani, bodaboda wanakata. Njia ya mkato inazaliwa yenyewe, inaonekana kwa udongo uliokanyagwa. Kisha inakuja mvua moja ya Januari ya saa mbili, na korongo lile linajaa maji mekundu yanayosomba mawe. Jina lenyewe la Dodoma, wazee wa Kigogo wanasimulia, linatokana na Idodomya, mahali alipodidimia tembo aliyekwenda kunywa maji. Mji uliopewa jina kwa sababu ya tope ulipaswa kuwa wa kwanza kujua thamani ya kivuko.

Chukua mfano wa mitaa miwili inayotazamana juu ya korongo lenye upana wa mita arobaini. Nyumba ipo upande huu, shule ipo upande ule, baina yake ni mita 300. Kwa barabara, mtoto atatoka mita 1,200 hadi barabara kuu, ataifuata mita 600 hadi daraja lilipo na kulivuka, kisha ataingia tena mita 1,200 hadi shuleni. Jumla ni kilomita tatu, mara kumi ya umbali halisi. Kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa, dakika nne na nusu zimegeuka kuwa arobaini na tano, na sehemu ya safari hiyo ni kandokando ya barabara kuu yenye malori ya kwenda nchi jirani. Mtoto hatafanya hivyo. Atashuka korongoni. Kiangazi hakuna neno. Siku ya mvua ya Januari ndiyo siku ambayo mzazi hatulii.

Kinachoweza kulitatua hilo ni kitu kidogo: kivuko cha miguu chenye upana wa mita mbili, au sakafu ya zege iliyojengwa chini kabisa ya korongo ili maji yapite juu yake siku chache za mafuriko na watu wapite siku zote zilizobaki. Hakina ukataji wa utepe wa kupendeza. Kwenye orodha ya miradi kinashindana na kilomita ya lami, na mbele ya madiwani lami hushinda, kwa sababu lami inaonekana ukiwa kwenye gari.

Kuna jambo jingine kuhusu nani anawajibika. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala uitwao TARURA, za kitaifa na za mikoa ziko chini ya wakala mwingine, TANROADS, na upangaji wa ardhi uko kwa Halmashauri ya Jiji. Kila mmoja ana kazi yake na anaijua. Kichochoro kinachounganisha mitaa miwili iliyochorwa kwa nyakati tofauti kinaanguka katikati ya hao watatu. Kwa Jiji, michoro yote miwili imeshaidhinishwa. Kwa TARURA, kichochoro hakipo kwenye mtandao wa barabara uliosajiliwa, kwa hiyo hakina bajeti. Kwa TANROADS hakiwahusu kabisa. Mwenyekiti wa mtaa anakijua, kwa sababu wakazi wanamlalamikia, lakini yeye hana kalamu ya kuchora wala fungu la kujenga.

Vizuizi vingine nitavitaja kwa haraka kwa kuwa kila mkazi anavijua. Uwanja wa ndege umekaa ndani ya mji, na ukuta wake ni mrefu. Reli ya zamani inaweza kuvukwa kwa miguu, reli mpya ya SGR imewekewa uzio kwa sababu za usalama zisizo na ubishi, na tangu treni zake za abiria zianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, pa kuvukia ni pale tu palipojengwa kivuko. Chuo kikuu na maeneo ya taasisi yana mipaka mipana. Vingi vya hivyo haviondoki. Kwa sababu haviondoki, kila upenyo uliobaki una thamani mara mbili.

Turudi kwenye kusambaa, maana njia zisizokutana na mji unaosambaa ni ndugu wa baba mmoja.

UN-Habitat inashauri angalau watu 15,000 kwa kilomita ya mraba katika eneo la mji. Kwa msongamano huo, watu wote 765,179 wa sensa ya 2022 wangetosha katika kilomita za mraba 51, yaani mraba wenye ubavu wa kilomita saba na kidogo. Huo ni msongamano mkubwa kwa mazoea yetu ya nyumba ya chini na ua, kwa hiyo tuugawe kwa mbili: bado ni kilomita za mraba 102, mraba wa kilomita kumi kwa kumi. Mtu anayekaa ukingoni mwa mraba huo anafika katikati kwa baiskeli kwa nusu saa bila kutoa jasho jingi. Sasa kumbuka Mtumba iko kilomita 17 nje, na kwamba eneo la Jiji lina zaidi ya kilomita za mraba 2,500.

Juu ya hayo inakuja barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inayojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Februari 2022. Inapita Nala, Veyula, Mtumba, bandari kavu ya Ihumwa na Matumbulu. Kazi yake ya kwanza ni njema: lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Mwanza au Kigali lisilazimike kupenya katikati ya mji. Naiunga mkono kwa kazi hiyo.

Lakini duara lenye mzingo wa kilomita 112.3 lina eneo la takriban kilomita za mraba 1,000 ndani yake. Barabara yenyewe si duara kamili, kwa hiyo punguza theluthi nzima: zinabaki kama 670. Hata kwa nusu ya ule msongamano wa UN-Habitat, eneo hilo lingechukua watu milioni tano. Hata mji ukiendelea kujizidisha mara mbili kila miaka kumi na moja, Dodoma itahitaji miaka kama thelathini tangu sensa ya 2022 kufikisha watu milioni tano. Maana yake ni kwamba barabara ya mzunguko imefungua ardhi mara nyingi kuliko inayohitajika sasa, na kila kijiji kinachopitiwa nayo kimeshaanza kuonekana na madalali kama kiwanja. Ardhi ya pembeni ni rahisi kuinunua. Mtu anajenga Nala, anafanya kazi Mtumba, mtoto anasoma katikati ya mji, na kila mmoja anahitaji usafiri wake.

Hapa ndipo undugu niliousema unapoonekana. Mtaa wa ndani usiopitika kwa miguu ni mtaa wenye adha, na watu wenye uwezo wanauruka kwenda kutafuta utulivu pembeni. Pembeni panapimwa haraka haraka, kwa umbo lilelile la mti, na adha inahamia huko. DUWASA, mamlaka ya maji, wanavuta bomba refu kwa nyumba chache. Nguzo za umeme zinahesabika kwa nyumba. Lori la taka likiingia njia isiyotokea linarudi kinyumenyume, au haliingii kabisa, na mkazi anachoma taka uani. Daladala haipati abiria wa kutosha kwenye kila mdomo wa mtaa, inabaki barabara kuu, na bodaboda anachukua pengo. Bodaboda amewaokoa wengi, sina neno baya juu yake, ila familia inayolipa bodaboda mara nne kwa siku kwa safari ambayo ingekuwa ya miguu inalipa kodi ya mchoro mbovu.

Na mkusanyiko kwenye mdomo wa mtaa nao una hesabu yake. Nyumba mia sita zenye safari nne kwa siku ni safari 2,400. Mtaa ukiwa na mdomo mmoja, zote zinapita hapo. Ukiwa na midomo minne, kila mmoja unabeba wastani wa 600. Watu wanaona foleni asubuhi wanadai barabara kuu ipanuliwe. Inapanuliwa, magari yanakwenda kasi zaidi, kuivuka kunakuwa hatari zaidi, na mdomo unabaki uleule mmoja.

Nimesikia hoja ya upande wa pili na naiheshimu. Wakazi wengi wanapenda mtaa usiotokea: watoto wanacheza salama, mgeni anajulikana, mwizi hana pa kukimbilia. Mzee aliyejenga mwisho wa njia mwaka 1990 ana haki ya kuuliza kwa nini leo malori yapite mlangoni kwake. Jibu langu ni kwamba kuunganisha si lazima kuwe kwa magari. Weka nguzo tatu za zege katikati ya upenyo: mtu anapita, baiskeli inapita, mkokoteni mdogo unapita, gari linabaki. Mtaa unakuwa mkia kwa gari na wavu kwa miguu. Kuhusu mwizi, njia inayopitwa na watu saa zote ina macho mengi kuliko ncha yenye kuta mbili ndefu na giza. Ila taa ni lazima, na upenyo usiwe mrefu wala wenye kona ambako mtu anaweza kujibanza. Upenyo wa mita arobaini ulionyooka, ambao ukisimama huku unamwona aliye kule, ni kitu tofauti kabisa na uchochoro wa mita mia mbili unaopinda. Hilo likipuuzwa, wakazi watajenga ukuta usiku, na nitawaelewa.

Je, umbo la barabara linaweza kubadilishwa baadaye? Kwa shida sana, na hili ndilo linalonifanya niandike sasa. Utafiti wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba tangu miaka ya 1970 mitaa mipya katika sehemu nyingi za dunia imekuwa ikizidi kutokutana, na kwamba mtaa ukishazaliwa na umbo hilo hubaki nalo. Nyumba hubomolewa, maduka hufungwa, wenye nyumba hufa na kurithiwa. Mstari wa barabara unabaki palepale.

Hatuhitaji hata kwenda mbali. Miaka ya 1970 na 1980 Tanzania ilikuwa na mpango wa viwanja na huduma, uliogusa miji saba ikiwemo Dar es Salaam, Mbeya, Mwanza na Morogoro. Serikali haikujenga nyumba. Ilichora mitaa, ikafungua barabara, ikavuta maji, ikawaachia wananchi wajenge wenyewe. Sinza ya Dar es Salaam ni mmoja wa mitaa hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha maeneo ya aina hiyo na maeneo jirani yaliyojengwa bila mchoro, miongo kadhaa baadaye, na ukakuta nyumba bora zaidi kwenye maeneo yaliyochorwa kabla watu hawajafika. Maji ya mabomba ya wakati ule yalikatika zamani sana kwenye baadhi ya maeneo. Barabara hazikupotea. Mchoro wa nusu karne iliyopita bado unalipa.

Kwa hiyo mgonjwa wetu, Dodoma, anahitaji tiba za aina mbili, moja ya waliokwisha kujenga na nyingine ya ambao hawajajenga, na sitazipa uzito sawa.

Kwa waliokwisha kujenga, kazi ni ya kushona. Chukua ramani ya Jiji, chora kila mahali ambapo nyumba mbili zilizo ndani ya mita 300 zinatenganishwa na safari ya zaidi ya kilomita moja na nusu. Orodha hiyo itakuwa ndefu, lakini sehemu chache zitajitokeza mara nyingi: korongo fulani, ukuta fulani, kipande fulani kati ya michoro miwili. Wenyeviti wa mitaa watazitaja hata kabla ya ramani kuchapishwa. Njia za udongo uliokanyagwa nazo zinazitaja. Panga kwa idadi ya watu wanaopita, anza na zile zinazokwenda shule na zahanati, na uzisajili TARURA kama barabara nyingine yoyote ili ziwe na fungu la matengenezo. Pale ambapo upenyo unapita kwenye kiwanja cha mtu, fidia ilipwe kwa haki na mapema. Upande wa mita tatu wa kiwanja kisichojengwa una bei moja. Baada ya msingi kumwagwa bei ni nyingine. Baada ya paa, mjadala unahamia mahakamani.

Kwa ambao hawajajenga, kazi ni rahisi zaidi na ndiyo yenye faida kubwa, lakini ina muda. Mpango mkuu mpya wa Jiji unafika hadi 2039. Ndani ya kipindi hicho, kwa kasi ya sasa, wakazi wengi wa Dodoma watakuwa watu wanaoishi kwenye nyumba ambazo leo ni shamba la uwele au pori la miiba. Mchoro wa kila eneo jipya uletwe mezani ukiwa umeunganishwa na michoro ya majirani wote, kwenye karatasi moja. Kila upande wa eneo uwe na njia ya kutokea angalau kila mita mia mbili, hata kama upande wa pili bado ni shamba, na njia hiyo iwekewe bikoni zake na namba yake kama kiwanja, ili asiwepo wa kuiuza. Anayevuka korongo aonyeshe atavukaje. Hesabu ya vipande na makutano iandikwe pembeni ya mchoro, karibu na idadi ya viwanja, ili anayesaini azione namba zote mbili kwa pamoja.

Na vipimo hivyo viwabane kwanza wanaochora kandokando ya barabara ya mzunguko. Huko bikoni bado ni chache, korongo bado lina kingo zake, na upenyo wa mita tatu kati ya mashamba mawili unaweza kupatikana kwa mazungumzo ya jioni moja chini ya mbuyu, kabla dalali hajapita.